Mashine ya boti isikuache katikati ya maji: namna ya kuchagua na kutunza inayodumu

Mkazi wa Sagalla akiona kichwa hiki anaweza kuuliza: mimi na boti wapi na wapi? Maji ya kwetu ni ya bomba, ya bwawa na ya korongo linalojaa mvua ikinyesha. Lakini kaunti yetu ina maziwa mawili, Jipe na Chala, na ina Mto Voi unaoteremsha maji ya Milima ya Taita kwa nguvu kila msimu wa mvua kubwa. Wapo wakazi wenzetu wa upande wa Taveta ambao chakula chao cha kila siku kinatoka majini. Wapo pia vijana wa Voi na Sagalla wanaosomea ufundi wa mitambo, na kazi ya kutengeneza mashine hizi inaweza kuwa yao.

Tena suala la boti si la wavuvi peke yao. Mnamo Aprili 2024, wakati wa mafuriko, boti iliyobeba abiria ilipinduka katika maji ya Mto Tana, Kaunti ya Garissa, na watu wakafa. Tangu hapo, kila kijiji kilicho karibu na mto kinajiuliza: siku maji yakituzunguka, chombo kitakachokuja kutuchukua kitafika? Na kikifika, mashine yake itawaka?

Makala haya yanaeleza jinsi mashine ya boti inavyofanya kazi, sehemu inayovunjika kwanza kwenye maji yenye misukosuko, na mambo ya kuangalia kabla kikundi hakijatoa pesa zake.

Maji yetu yana tabia yake

Ziwa Jipe lina ukubwa wa kilomita za mraba 30 hivi, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita ndani yake. Maji yake huletwa hasa na Mto Lumi kutoka upande wa Kilimanjaro, kisha hutokea kwa Mto Ruvu unaoungana na Pangani. Si ziwa la kina. Sehemu nyingi hazifiki mita 3. Kando yake kuna matete na magugu mazito, chini kuna tope linaloletwa na mto, na ndani kuna viboko na mamba.

Mtu aliyezoea bahari anaweza kuliona Jipe kuwa dogo na pole, na hapo ndipo anapokosea. Upepo ukivuma juu ya maji ya kina kifupi, mawimbi hayapati nafasi ya kuwa marefu na ya taratibu. Huwa mafupi, yenye kusimama, na yanafuatana karibu karibu. Boti haijamaliza kushuka wimbi moja, jingine limeshaipiga. Kwa mashine, maji ya namna hiyo yanachosha kuliko wimbi kubwa la bahari linalokuja polepole.

Mafuriko ya mto ni jambo jingine tena. Maji yanakimbia, yamebeba magogo, waya za ua, mchanga na takataka. Chochote kati ya hivyo kinaweza kugonga propela au kuizinga.

Aina za mashine

Mashine za boti ni za namna tatu kuu.

Ya kwanza ni mashine ya nje, ile inayofungwa kwenye tezi kwa vibanio. Injini iko juu, mguu wake unashuka majini, na mwisho wa mguu ndipo penye gia na propela, ambayo watu wa pwani huiita pia rafadha. Hii ndiyo iliyoenea Ziwa Victoria na pwani yetu. Ikiharibika, watu wawili wanaifungua na kuipeleka kwa fundi.

Ya pili ni mashine ya ndani yenye shafti iliyonyooka inayotoboa chini ya chombo. Ni ya mashua kubwa na majahazi. Ni imara, lakini propela yake haiinuki, kwa hiyo haifai mahali penye tope na mawe.

Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili: injini imekaa ndani ya boti, kama ya gari, lakini nguvu yake inatoka kwenye tezi na kuingia katika mguu wa nje unaoweza kuinuliwa na kugeuzwa. Kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi iliileta sokoni mwaka 1959, na ikapendwa sana na wenye boti za mwendo kasi kwa sababu inabeba injini kubwa bila kupoteza uwezo wa kuinua mguu. Mtu akikuonyesha boti ya kifahari ya baharini isiyo na mashine ya kuning'inia nyuma, mara nyingi ndiyo hiyo.

Je, inatufaa? Kwa Jipe na kwa mafuriko, hapana. Ni nzito mno. Mahali mguu unapotokea nyuma ya boti pana mpira wa mikunjo unaozuia maji yasiingie ndani. Mpira huo hupasuka kwa uzee, kwa jua na hata kwa kuguguna kwa panya, na ukipasuka boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa tu ufukoni. Ikiharibika, huwezi kuifungua na kuipakia kwenye pikapu. Pamoja na hayo, mashine hii ina somo kubwa kwetu, kwa kuwa wenye boti za mwendo kasi ndio waliojifunza kwa gharama kubwa ni nini kinachovunja mguu wa mashine.

Kinachovunja mguu ni kishindo

Wengi wetu hufikiri mashine inavunjika kwa sababu ni ndogo au imefanya kazi nyingi. Sababu kubwa ni nyingine. Fikiria pikipiki ya bodaboda ikipanda barabara ya vumbi kuelekea Sagalla na abiria wawili. Gurudumu la nyuma linaruka juu ya jiwe, na dereva hajapunguza mafuta. Likiwa hewani linazunguka kama wazimu kwa kuwa halina cha kusukuma. Likitua, ardhi inalishika ghafla. Hapo ndipo mnyororo unapokatika au meno ya gia yanapolika.

Boti ni vivyo hivyo. Ikiruka wimbi, propela inatoka majini, injini inapiga kelele na kukimbia. Sekunde inayofuata boti inaanguka, propela inakutana na maji, na mzunguko wote ule unakatizwa mara moja. Nguvu hiyo inarudi juu kupitia shafti, gia na beringi. Mara moja haivunji kitu. Ikirudiwa mara mia kwa safari, meno ya gia huanza kupata nyufa, na siku moja, pengine siku ya maji matulivu kabisa, yanakatika.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mkono wa nahodha, nayo haiuzwi dukani. Boti ikianza kuruka, punguza mafuta kabla propela haijatoka majini, kisha ongeza taratibu ikisharudi. Usikabili wimbi uso kwa uso kwa kasi. Lipande kwa mshazari kidogo na kwa mwendo unaoiacha boti ishuke bila kupiga. Mzigo uwekwe chini na katikati. Watu wakijazana omo, tezi inainuka na propela inatoka majini kwa urahisi.

Kinga ya pili ni kubadilisha gia ipasavyo. Gia ya mashine nyingi za nje haina klachi laini kama ya gari. Meno huingia kwenye meno moja kwa moja. Rudisha mafuta hadi mwisho, subiri mashine itulie, kisha ingiza gia kwa mkato mmoja. Kuiingiza polepole kunafanya meno yasagane, na kuiingiza mashine ikiwa inakimbia ni kuyapiga nyundo.

Mambo saba ya kuangalia unaponunua

Moja, urefu wa mguu. Mashine nyingi huja kwa mguu mfupi, unaofaa ubao wa tezi wa sentimita 38 hivi, na mguu mrefu, unaofaa sentimita 51 hivi. Pima boti yako kwanza, toka juu ya ubao wa tezi hadi chini kabisa. Juu ya propela kuna bamba pana lililolala. Bamba hilo linatakiwa kuwa sawa na chini ya boti au chini yake kidogo. Mguu ukiwa mfupi mno, propela inavuta hewa kila wimbi linapopita. Ukiwa mrefu mno, unalima tope.

Mbili, nguvu na uzito. Usinunue kubwa kuliko boti inavyostahimili. Boti za kiwandani huwa na kibati kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa. Mashine ya nguvu farasi 15 ya mizunguko miwili ina uzito wa karibu kilo 40, na ya mizunguko minne hufika kilo 50 na zaidi. Uzito huo wote unakaa tezi, na mtumbwi mwembamba utakunywa maji kwa nyuma.

Tatu, mizunguko miwili au minne. Ya mizunguko miwili ni nyepesi, ina vipuri vichache na fundi wa pikipiki za zamani anaielewa. Lakini hunywa petroli zaidi, na hutema majini mafuta na oili ambayo haikuungua, katika ziwa ambalo mifugo hunywa na samaki huzaliana. Ya mizunguko minne ni safi na inabana mafuta, ila inataka kubadilishiwa oili kwa wakati. Chagua ile ambayo fundi wako anaweza kuifungua na kuirudisha.

Nne, propela. Muuzaji atakusifia ya chuma kisichoshika kutu, kwamba haipindi. Ni kweli, na kwenye maji ya kina kirefu ni nzuri. Kwetu, penye visiki na mawe, kutopinda huko kunaweza kuwa hasara. Propela ya alumini ikigonga jiwe inapinda au kumeguka yenyewe, na gia zinapona. Ile ngumu hupeleka pigo zima ndani. Ni heri kununua propela mbili za alumini, moja ikae ndani ya boti, kuliko kununua giaboksi. Hakikisha pia katikati ya propela pana mpira wa kupokea kishindo, au pini inayokatika ili kuokoa gia, na ubebe pini za akiba pamoja na koleo.

Tano, magugu. Zipo propela zenye mabawa yaliyopindishwa nyuma ili majani yateleze badala ya kujizinga. Nchini Thailand na kwingineko Asia ya kusini mashariki, wavuvi wa maji ya kina kifupi hutumia mashine ya mkia mrefu: injini ndogo inayopozwa kwa hewa, na shafti ndefu inayolala karibu na uso wa maji. Haiendi kasi, lakini haina mguu wa kulima tope wala pampu ya kumeza mchanga, na nahodha huinua mkia wote kwa mkono akifika kwenye magugu. Kikundi kinachofanya kazi kando ya matete kinaweza kuifikiria.

Sita, vipuri. Uliza kabla ya bei: pampu ya maji, sili, plagi na propela za mashine hii zinapatikana Mombasa? Kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita 150 hivi, na kipuri kilichopo huko kinaweza kufika siku hiyo hiyo. Kinachoagizwa ng'ambo kinaweza kukaa miezi, na mashine itakuwa pambo. Ulizeni swali hilo hata kama mashine ni ya msaada na hamtoi shilingi.

Saba, kamba ya kuzimia. Ni kamba nyekundu inayofungwa mwilini mwa nahodha na kuchomekwa kwenye mashine. Nahodha akianguka majini, kamba inachomoka na mashine inazima. Bila hiyo, boti huendelea yenyewe, mara nyingi ikizunguka na kumrudia aliyeanguka, propela ikiwa inazunguka. Mashine isiyo na kamba hii ikataeni.

Ukinunua iliyotumika

Mashine nyingi zilizotumika hutoka pwani, na bei yake inavutia. Kumbuka zimefanya kazi kwenye chumvi. Fungua kifuniko utafute unga mweupe na kutu kwenye bolti na matundu ya maji. Angalia vipande vya madini vilivyofungwa kwenye mguu ili viliwe badala ya mguu wenyewe. Kama vimekwisha kabisa, basi mguu umeanza kuliwa. Jua pia kwamba kwa maji ya chumvi vipande hivyo huwa vya zinki, lakini kwa maji baridi kama yetu vinavyofaa ni vya magnesi au alumini.

Kisha mwombe muuzaji alegeze skrubu ya chini ya mguu mtoe oili kidogo ya gia. Oili iliyo safi huonekana angavu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili. Ikiwa na vipande vya chuma, gia zimeanza kusagika. Shika propela uitikise. Ikicheza sana, beringi zimekwisha. Zungusha taratibu ukitazama ncha ya shafti, ikiyumba, imepinda. Mwisho, washa mashine mguu ukiwa ndani ya pipa la maji. Kamwe usiiwashe kavu. Pampu yake ya maji ina feni ya mpira inayolainishwa na maji yenyewe, na bila maji inaungua kwa muda mfupi sana.

Matunzo yasiyohitaji pesa nyingi

Mashine nyingi haziuawi na wimbi. Zinauawa na mambo madogo ya ufukoni.

Changanya oili kwa kipimo, si kwa macho. Mashine nyingi za mizunguko miwili hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa lita 20; fuata kitabu cha mashine yako. Tumia oili ya mashine za boti, yenye alama TC-W3, si ya pikipiki. Chuja petroli, na uache ile ya mwisho kabisa chini ya mtungi, kwa sababu hapo ndipo maji na uchafu hukaa.

Kila ukiwasha, tazama uzi wa maji unaorushwa kando ya mashine. Ukikatika, zima mara moja. Pengine ni tope au mfuko wa plastiki umeziba tundu la kuvutia maji. Ukiendelea dakika chache tu, injini inaweza kukaza kabisa. Kwa maji yenye tope kama yetu, feni ya pampu ya maji ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima.

Kila wiki vua propela uangalie nyuma yake. Uzi wa wavu hujificha pale, hujizungusha kwenye shafti na kukata sili. Maji huingia kwenye gia bila mtu kujua. Badilisha oili ya gia kila saa 100 za kazi au kila miezi 6. Mwende na daftari: tarehe, saa za kazi, mafuta, kilichobadilishwa. Na kila mapato yakigawanywa, fungu la mashine litengwe kwanza.

Kabla ya kuondoka ufukoni

Mashine bora haiondoi haja ya kasia. Kila boti ibebe makasia au upondo, nanga, kopo la kutolea maji, filimbi, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu. Jaketi livaliwe, lisikaliwe. Mashine ikizima karibu na matete, usishuke majini kuisukuma boti. Mamba na viboko hawaonekani hadi wakufikie. Tia nanga, inua mguu, toa magugu ukiwa ndani. Ukiona viboko mbele, punguza mwendo na uwazunguke kwa mbali, bila kupita kati yao na maji ya kina wanakokimbilia.

Nani anahusika na nini

Chini ya Katiba, uvuvi ni miongoni mwa kazi za serikali ya kaunti, na maafisa wetu wa uvuvi hushirikiana na vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kama BMU. Usalama wa vyombo vya majini, yakiwemo maziwa, uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Ulinzi wa maji ya nchi ni kazi ya Walinzi wa Pwani wa Kenya, na wanyama ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kikundi kinachotaka kununua mashine kifike kwanza kwa afisa wa uvuvi kabla ya kulipa, kiulize kuhusu vibali, na kiombe boti yake ipimwe. Kidai risiti, kitabu cha maelezo na dhamana ya maandishi. Kifundishe manahodha wawili, asiwe mmoja tu. Na vijana wanaosomea mitambo katika Coast Institute of Technology hapa Voi, au katika vyuo vya ufundi vya kaunti, waifikirie mashine ya boti kama kazi. Anayejua gia na sili za pikipiki amekwisha kuanza, na kaunti yenye maziwa mawili haifai kusubiri fundi kutoka Mombasa kila mashine inapozima.